Maji ya Rubén

Eusebia Yucra alizaa watoto wawili katika bonde la Chaquire, na hakuwahi kuwapima kwa kibaba kimoja. Nélida alitoka tumboni akipiga mateke, akanyonya kama ndama, na alipoanza kutambaa alikwenda mwenyewe mferejini akanywa pamoja na mbuzi. Rubén alikuja miaka minne baadaye, mwembamba, kifua kikimkoroma, na mama yake akampenda kwa namna ambayo haikumbakizia mwingine kitu.

Mwaka wa kipindupindu, Rubén akiwa na miaka sita, muuguzi wa serikali alipita nyumba kwa nyumba akisema maji ya mto yachemshwe. Watu wa Chaquire walichemsha mwezi mmoja, kisha wakachoka, maana jangwani kuni hutafutwa kwa jasho. Eusebia hakuchoka. Na kwa kuwa hakujua kufanya jambo nusunusu, aliyaacha maji ya Rubén motoni mpaka sufuria mbili zikabaki moja. Hayo ndiyo aliyoyanywa, hayo ndiyo yaliyopikiwa supu yake. Nélida alipoomba kikombe, aliambiwa, "Wewe nenda mtoni. Una tumbo la punda."

Baadaye manispaa ilianza kuleta maji kwa lori. Eusebia aliyafulia nguo. Alisema yananuka dawa.

Rubén alipofika miaka thelathini na minane, hospitali ya mjini Arica ilimrudisha nyumbani na mtungi wa oksijeni na saratani ya mapafu. Hakuwahi kuweka sigara mdomoni. Mkewe alikwishaondoka zamani na dereva wa malori ya shaba, akamwachia binti mmoja, Yasna, ambaye sasa alikuwa na miaka saba. Jambo lililobaki katika nyumba ile lilikuwa moja: Rubén akishakufa, Yasna atalelewa na nani? Nélida, aliyeuza zeituni sokoni Arica na hakujaliwa mtoto, alikuja kila Jumamosi na kila Jumamosi alimwomba Rubén ampe mtoto. Eusebia hakuomba. Aliona mtoto ni wake tayari. Rubén alikuwa hajasema lolote.

Kwa ugonjwa wenyewe, Eusebia alikuwa na jibu. "Damu ya kusini hiyo," alikuwa akisema. Marehemu mumewe, Osvaldo, alitoka visiwa vya mvua vya kusini, akaja na watengeneza barabara, akavuta sigara mpaka vidole vikawa njano, akafa akikohoa. Yeye Eusebia, mama yake na bibi yake walikunywa mto ule maisha yao yote wakazeeka na meno yao. Kwa hiyo watu wa chuo kikuu walipokuja kuchukua damu ya familia nzima, alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa nguo. Alitaka karatasi itakayomsafisha.

Karatasi ililetwa Jumamosi moja na daktari Lorca, mwanamke mpole mwenye miwani iliyojaa vumbi la njiani. Walikaa chumbani kwa Rubén, kwa sababu hakuweza tena kuinuka.

"Mto wenu una sumu inayotoka kwenye miamba," alisema. "Inaitwa arseniki. Haina rangi wala ladha."

"Tumeinywa toka enzi za mababu," alisema Eusebia. "Wanaokufa ni wageni."

"Si uongo, mama. Wengi wa bonde hili wamerithi kitu kinachousaidia mwili kuitoa sumu hii haraka kwenye mkojo. Kila mtu hupewa nakala mbili za kitu hicho, moja kwa mama, moja kwa baba. Mume wako hakuwa na urithi huo. Kwa hesabu yetu, zake zote mbili zilikuwa za wale wanaoitoa polepole."

Eusebia akamgeukia bintiye. "Umesikia? Nilisema nini mimi?"

"Endelea, daktari," alisema Nélida. "Huyu hushangilia kabla mpira haujaingia."

"Wewe, mama, unayo moja ya haraka na moja ya polepole. Dada Nélida umempa ile ya haraka. Rubén umempa ile nyingine."

Rubén alifungua macho. Eusebia alitazama mikono yake kama mtu aliyeulizwa alipoweka kitu.

"Si hukumu," daktari aliharakisha. "Wapo wenye nakala kama za Rubén waliozeeka salama, na wapo wenye nakala nzuri waliougua. Damu peke yake haitoshi. Inategemea pia mtu amekunywa kiasi gani, na tangu umri gani. Ndiyo maana nina maswali machache. Utotoni, maji ya Rubén yalitoka wapi?"

Hapo Eusebia alijikusanya. Aliona mlango umefunguka. Kama damu yake ilikuwa imemwangusha, kazi yake ingemtetea, tena mbele ya mtu aliyesoma, na Rubén akiwa macho.

"Andika," alisema. "Andika mwanangu huyu hakunywa tone bichi. Tangu ana miaka sita. Nimechoma mikono mara ngapi, muulize. Sufuria mbili nikazifanya moja, maji mazito kama mchuzi, mpaka chini panabaki ukoko mweupe, na huo ukoko sikumwaga, niliukoroga kwenye supu apate nguvu. Huyu dada yake alikunywa na mbuzi. Nani kati ya hawa alipata mama?"

Kalamu ya daktari ilikuwa imesimama.

"Mbona huandiki?"

"Mama, kuchemsha kunaua vijidudu. Arseniki haiondoki. Maji yanapokauka, yanayobaki yanakuwa na sumu nyingi zaidi."

"Zaidi kiasi gani?"

"Sufuria mbili zikiwa moja, ni mara mbili."

Nélida alianza kucheka. Alijaribu kuzuia kwa kiganja, akashindwa, akacheka mpaka machozi. "Tumbo la punda," alisema. "Asante, mama. Kweli, nakushukuru. Ungenipenda na mimi, leo tungekuwa na mitungi miwili."

"Nyamaza."

"Miaka yote hiyo nilikuwa naramba kikombe chake ukigeuka."

Rubén alivuta pumzi ndefu kutoka kwenye bomba. Aliposema, hakusema na dada yake.

"Mama. Yasna anakunywa yapi?"

Eusebia angeweza kudanganya. Lakini sufuria ilikuwa jikoni, inachemka, na wote waliisikia.

"Yeye pia ana kifua chepesi," alisema.

Rubén alifumba macho. "Nélida, mchukue leo."

"Mwanangu, lori linakuja Jumanne. Nitampa ya lori. Naapa."

"Leo. Na wewe mama usinipe tena kitu kwa mkono wako. Nitamwita jirani."

Mtoto alifungiwa nguo zake kwenye mfuko wa unga. Aliaga mbuzi mmoja mmoja kwa majina. Bibi yake alimpenyezea chupa ya maji ya njiani, ya yale yale yaliyochemshwa, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya kingine. Nélida aliiona, akaifungua, akaimwaga miguuni pa mama yake, akapandisha kioo cha gari.

Rubén aliishi siku kumi na tisa zaidi. Chai yake ilitoka mkononi mwa jirani, na Eusebia alikaa upande wa pili wa pazia akisikiliza anavyomeza. Siku ya mazishi Yasna hakuletwa.

Baada ya hapo Eusebia hakuchemsha tena. Kila asubuhi aliteremka, akapiga magoti kwenye mawe, akanywa mto mbichi kwa viganja, akanywa mpaka tumbo likauma, akingoja umfanyie ulichomfanyia mwanawe. Daktari alirudi kila mwaka kumpima, na kila mwaka alimpa pole ambayo yeye daktari aliidhani ni pongezi: mapafu safi, figo safi. Alifika miaka tisini na mmoja. Alikuwa bado anang'oa majani ya mbuzi kwa mkono wake mwenyewe.