Umeme wa Wakfu

Badamasi alipata fatwa yake mchana kweupe, na tangu siku hiyo hakuonja raha.

Alikuwa fundi simu mwenye kibanda ubavuni mwa msikiti wa mtaa wao, hapo Kano. Kwa kuwa nyaya zilimtii, alikabidhiwa pia kipaza sauti na betri za sola ambazo tajiri mmoja aliziweka wakfu kwa msikiti. Nyuma ya kibanda, chini ya gunia, alikuwa na kompyuta isiyozimwa. Aliiita nodi. Kazi yake ilikuwa kukagua na kuhifadhi miamala ya sarafu za mtandaoni, na ujira wake mdogo ulikuja wenyewe. Vijana wa barazani hawakumpa nafasi.

"Badamasi, sarafu zisizoshikika utazitolea zaka ya upepo?"

"Mwacheni, Kiyama atafufuliwa na waya shingoni!"

Utani ukamchoma, akamfuata imamu, Malam Lawwali, baada ya alasiri, kumwuliza kama ujira wa mashine ni halali.

"Hiyo mashine inafanya nini hasa?" Malam akauliza.

"Inashuhudia, Malam. Mtu akimtumia mwenzake sarafu, inahakikisha kweli anazo, kisha inaandika."

"Unakopesha kwa riba? Unacheza bahati nasibu?"

"Hata kidogo."

"Juu ya sarafu zenyewe wanavyuoni wamehitilafiana, nami sitawasemea wote. Lakini kushuhudia na kuandika kwa haki ni kazi, na ujira wa kazi sioni ubaya wake. Umebakiza neno?"

Hapo ndipo penyewe. Umeme wa Kano huja ukipenda, petroli ya jenereta nayo bei haishikiki, na nodi ilikuwa ikinyonya betri za wakfu tangu siku ya kwanza. Badamasi alilijua swali lililompasa kuuliza, naye alikuwa ameuliza jingine.

"Sijabakiza, Malam."

Mficha uchi hazai. Vijana walinyamaza waliposikia fatwa, lakini dhamiri yake haikunyamaza. Kila akisujudu alihisi joto la ile mashine ng'ambo ya ukuta.

Ramadhani ikaingia na vumbi la jangwani. Jua likafifia, betri zikawa hazijai, naye akajiambia kesho ataichomoa. Alfajiri moja kipaza sauti kikakata roho kabla ya adhana. Muadhini akaadhini kwa koo lake, wa karibu wakasikia. Gwaggo Delu hakusikia. Alikuwa mjane kipofu wa mwisho wa kichochoro, shangazi wa mtaa mzima, na saa yake ilikuwa kile kipaza sauti. Watu walipotoka kusali walimkuta ametulia na uji wake wa koko, anamega kosai, zile bajia za kunde.

Badamasi akaing'oa nodi siku hiyohiyo. Adhuhuri sauti ikarudi, mtaa ukamshukuru fundi wao. Shukrani zile zilimuuma kuliko matusi. Akaenda kwa Gwaggo.

"Ni wewe uliyekitengeneza?" kikongwe akachangamka. "Mungu akubariki, mwanangu, akupe na mke mwenye subira, maana utamhitaji!"

"Gwaggo, nisamehe..."

"Nikusamehe nini? Malam kasema aliyekula alfajiri imeshaingia, hata bila kujua, atailipa siku yake. Nitailipa baada ya Idi. Ila imeniuma, mwanangu. Tangu macho yaniondoke sijawahi kukosea saa ya kufunga."

Badamasi akachuchumaa mbele yake. "Sikutengeneza kitu, Gwaggo. Kulikuwa na mashine inayokinyonya, nikaichomoa. Mashine yenyewe ni yangu. Umeme wa msikiti nimekuwa nikiula miezi yote hii."

Vidole vya Gwaggo vikasimama juu ya tasbihi.

"Malam anajua?"

"Nilimwuliza kama mashine ni halali."

"Sijakuuliza hilo. Anajua umeme ulikuwa wa nani?"

"Hajui."

Gwaggo akajiinua, akapapasa hewani hadi akaupata mkono wake, akaukamata kwa nguvu ambazo Badamasi hakuzitarajia.

"Twende kwake sasa hivi. Na utasema wewe, mimi nitasikiliza tu."

Wakakipita kichochoro, kikongwe akimkaza mkono asije akakimbia. Barazani vijana wakasimama kwa heshima.

"Mashaallah, Badamasi!" mmoja akasema. "Kumshika kipofu mkono mwezi huu, thawabu zako hazihesabiki."