Duara Halikuonyesha Jana

Mpunga ulipoanza kutoa masuke tulihamia shambani, ng'ambo ya mto, kama wanavyofanya watu wengi wa Ifakara. Tulikaa kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, tukifukuza ndege. Tulikuwa watatu: mimi niliyeacha shule darasa la tano wazazi walipofariki, mdogo wangu wa darasa la saba, na kitinda mimba, ambaye alikuwa hajui kuogelea.

Ilikuwa likizo. Mwalimu wa mdogo wangu alitaka takwimu zozote, zichorwe kwa grafu inayofaa. Nikasimika nguzo ukingoni mwa mto na kuikata alama, naye kila asubuhi akaandika maji yamefika alama ya ngapi.

Likizo ilipokaribia kwisha alichora duara daftarini, akaligawa: siku za maji kidogo, za wastani, za maji mengi. Sehemu ya maji kidogo ilikula karibu duara zima. Jirani yetu, mzee aliyekaa na mkewe kwenye shamba la pili, ambaye nilikuwa nimemwonya kuhusu mafuriko, alilitazama akacheka.

"Umeona, binti? Ulitaka kutukimbiza na mpunga haujakomaa."

"Shikamoo, mzee," nilisema, maana alikuwa ameanza na kicheko badala ya salamu.

"Marahaba. Ogopa ndege, si maji."

Alipoondoka nilibaki nimelishika lile daftari. Kuna kitu kilinikera, nikashindwa kukitaja. Mwishowe nikamuuliza mdogo wangu, "Jana iko wapi humu?"

Alipitisha kidole kwenye duara. "Haimo, dada. Duara linasema siku ni ngapi tu. Halisemi ipi ilitangulia."

"Basi chora inayosema."

Alipiga rula, akaweka nukta, akaziunganisha kwa mstari. Maji yalipanda na kushuka, lakini kila yaliposhuka yaliishia juu ya pale yalipoishia mara iliyotangulia. Zile siku za maji mengi zote zilikuwa mwishoni. Siku hiyo jua liliwaka, na mto haukuwa na sauti yoyote.

Nilifunga mizigo. Punje zilikuwa bado maziwa, hazijakauka kuwa mchele. Kuondoka kulikuwa kuacha chakula cha mwaka.

"Darasa la tano linakimbia mchoro," jirani alituambia tulipopita.

"Twende wote, mzee."

Akatupungia mkono.

Nilimbeba kitinda mimba mgongoni. Tulipofika kwenye mtumbwi maji yalikuwa kiunoni mwangu.

Siku ya nne baada ya kuhama, jirani alifika mlangoni kwetu mjini na shati moja mwilini. Hakusema mkewe yuko wapi, na sikumuuliza. Nilimpakulia uji. Ulikuwa mwepesi, na mavuno mengine yalikuwa mbali.