Dani na Mkwe Wake wa Bergen

Treni ile haikunuka moshi wala mafuta. Ilinuka kahawa na sabuni, na kimya chake kilinitisha. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa dirishani, Dani ubavuni mwangu, Mama mbele yetu. Dani ndiye nyanya yetu, tuliyemtoa kijijini Katito kwa kumbembeleza kweli kweli. Tulikuwa tumetua Oslo asubuhi ile, na sasa tulielekea Bergen, mji wa bandari upande wa pili wa milima ya Norwe. Huko mama mdogo Akinyi, kitinda mimba wa Dani, alikuwa amejifungua kwa upasuaji na hakuweza kusafiri. Dani alitaka kumpakata mjukuu huyo kuliko kitu chochote duniani. Tatizo lilikuwa mwenye nyumba, mume wa Akinyi. Kwetu Wajaluo, mama mkwe halali wala hali chini ya paa la mkwewe, na mkwe mwenyewe hamsogelei ovyo. Dani alishasema tangu Kisumu: "Mkinipeleka kwa huyo bwana, nitageuka na treni hiyohiyo." Mama aliitikia tu, akitumaini baridi itamlainisha. Naona hakumjua mamake vizuri.

Basi tukapanda milima. Misitu ikaisha, nyumba zikaisha, dunia nzima ikawa nyeupe ya kuumiza macho, na ulikuwa mwezi wa tano. Tuliingia handakini, giza likatufunika, tukatoka kwenye mwangaza mkali hata nikasahau kupumua. Kila handaki Dani alinishika mkono. Sijui nani alikuwa anamtuliza nani. Kisha likaja ziwa. Mama alisema ni ziwa lililoganda, mimi nikabisha, maana watu wawili na mbwa wao walikuwa wanatembea katikati yake bila wasiwasi wowote. Dani alizaliwa kando ya ziwa, akateka maji yake, akazika ndugu waliozama humo. Aliegemea kioo akawatazama wale watu mpaka wakatoweka. "Nilidhani ni Yesu peke yake," akasema polepole. Hakuwa anatania, na hakuna aliyecheka.

Bergen ilitupokea kwa mvua na honi za meli. Mama mdogo alikuja peke yake mlangoni mwa kituo, mtoto kifuani. Dani hakunyoosha mikono. "Nitalala wapi?" akauliza kwanza. Mama akainamisha macho. Mama mdogo akaeleza kwamba mumewe amemwombea chumba kwa mjane jirani, na kwamba hatakuja mbele yake mpaka aitwe. Akatuonyesha kwa kidevu. Ng'ambo ya barabara mzungu mrefu alikuwa amesimama bila mwavuli, ameugeuza uso pembeni, amelowa chapachapa.

"Nani alimfundisha?" Dani akauliza.

"Nilimwambia mara moja tu, Mama," mama mdogo akajibu.

Dani akampokea mtoto, akamkumbatia, machozi yakimtiririka waziwazi. "Mwambie mkwe wangu atoke kwenye mvua," akasema. "Lakini asikaribie sana."

Siku hizi mambo yamelegea, nami silalamiki. Mwezi uliopita Mama alikuja kwetu Nakuru, akalala kitanda chetu, akala na mume wangu meza moja wakizozania mpira. Nilifurahi sana. Ila nilipozima taa nilijiuliza kama mume wangu, mtu mwema kabisa, angeweza kusimama mvuani katika mji wake mwenyewe, akingoja kuitwa.