Mama Seva na mashine asizotaka kumwachia mtu

Kijiko kinagonga ukingo wa kikombe mara moja, kisha kinatulia. Ni saa kumi na moja alfajiri. Mume anakoroga chai polepole ili asimwamshe mkewe, lakini simu iliyo chini ya mto inalia "ti", na mke ameshakaa kitako.

"Umeona?" mume anamwambia mgeni wa gazeti aliyefika mapema. "Mimi nikohoe mpaka mbavu ziume, hageuki. Hiyo simu ikinong'ona tu, huyo wima."

"Ni mashine namba tatu, baba watoto. Feni yake inakufa."

"Na mimi nikifa, nikutumie ujumbe?"

Wanacheka wote wawili, ingawa cheko la mume linaisha upesi. Yeye ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi amelala na mwanamke anayesikiliza kitu kingine. Hata hivyo chai ameipoza kwa kiasi anachokipenda mkewe. Miwani ameifuta na kuiweka pale mkono utakapoifikia bila kupapasa.

Mkewe ana mtoto wa jicho. Kesho anaingia chumba cha upasuaji, na daktari amemwambia asikae mbele ya skrini kwa wiki sita.

Kazini wanamwita Mama Seva. Anatunza kompyuta zinazoendesha hospitali nzima: mapokezi, maabara, dirisha la dawa, mishahara. Katika chumba chenye baridi kama kisima, mashine kubwa sita, yaani seva, zimepangwa ndani ya kabati la chuma, taa zake ndogo zikikonyeza.

"Kila moja ya hizi ni nyumba ya kupanga," anaeleza. "Kuna programu inaigawa vyumba. Ndani wanakaa wapangaji, kompyuta zisizoshikika, kompyuta pepe. Kila mmoja anadhani nyumba nzima ni yake. Kazi yangu ni kuamua nani apewe nafasi kiasi gani, na nani anamnyima mwenzake pumzi."

Vitu vya wapangaji vyote vimewekwa kwenye ghala moja la diski, pembeni. Kwa hiyo mpangaji anaweza kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine akiwa kazini, na karani anayemtumia asihisi chochote.

Amewapa majina ya ukoo. Kompyuta ya dawa ni Shangazi, kwa sababu haishibi. Ya mishahara ni Mkwe. "Akipiga chafya tu, hospitali nzima inakuja mlangoni kwangu."

Miaka mitatu iliyopita aliletewa msaidizi, binti aliyetoka chuoni, ambaye wauguzi walimpachika jina la Chapchap kwa jinsi anavyochapa kibodi haraka. Mama Seva alimfundisha kila kitu. Hapo ndipo maudhi yalipoanza.

"Zamani simu ya mezani ikilia, ni 'Mama Seva yupo?' Sasa ni 'Chapchap yupo?' Nawajibu hayupo. Na yupo hapo, anakula karanga."

Anacheka, kisha anaacha.

"Nina wivu, andika. Nina wivu kama mtu aliyeletewa mke mwenza, halafu akaambiwa amfundishe kupika."

Wivu huo una alama yake kwenye skrini ya usimamizi, pale wapangaji wote wanapoongozwa. Kila mtumishi amepewa ngazi yake humo. Mama Seva ni msimamizi. Mbele ya jina la Chapchap, tangu siku ya kwanza, pameandikwa "kuangalia tu". Anaona kila kitu, hawezi kuhamisha hata kimoja.

Mkuu wa kitengo amemwomba mara kadhaa ambadilishie. Jibu limekuwa kesho, kesho. Sasa kesho ni upasuaji. Bila ruhusa hiyo, mashine ikichemka hakutakuwa na mtu wa kuwahamisha wapangaji, na wagonjwa watasimama kwenye dirisha la dawa lisilojua nani ameandikiwa nini.

Saa tatu asubuhi Mama Seva anakaa mbele ya skrini. Fundi wa kubadilisha feni anasubiri juu ya boksi lake la vifaa. Chapchap amesimama nyuma, mikono mgongoni.

"Mama, nikuletee kiti kingine?"

"Nimekuambia nimezeeka?"

"Hapana, Mama. Hicho kinayumba."

"Kiache kiyumbe. Tumezoeana."

Kazi ni kuwatoa wapangaji wote kwenye namba tatu, kisha kuizima. Mama Seva anashuka kwenye orodha, anachagua, anabonyeza. Skrini inauliza kama ana hakika. Anasogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa kioo, kidole kikiwa juu ya kipanya.

Chapchap anainama kidogo. "Mama," anauliza taratibu, "namba nne nayo inahama leo, au tunaiacha mpaka tatu ipone?"

Feni zinavuma. Mama Seva anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa gauni, anaivaa tena. Anaangalia. Anabonyeza "Ghairi".

"Tunaiacha," anasema.

Fundi anaendelea kupanga bisibisi zake. Hajui kwamba mashine nzima iliyokuwa karibu kuondolewa wapangaji wake ni namba nne, ile isiyo na kosa, na kwamba baadhi yao wangesukumwa kwenye namba tatu, ile inayochemka.

Mama Seva anafungua ukurasa wa watumishi. Anayatazama yale maneno, "kuangalia tu", kwa muda. Kisha anayabadilisha kuwa "msimamizi".

Anainuka kitini. "Kaa."

"Hapa, Mama?"

"Kwani unaona kiti kingine? Kaa kabla sijabadili nia. Na Shangazi umhamishe wa mwisho, ukimkimbiza anahema."

Chapchap anakaa. Mpangaji mmoja anahama, mwingine anafuata. Chini, kwenye dirisha la dawa, karani anaendelea kuita majina na foleni inasogea. Hakuna anayeinua kichwa. Shangazi anahama wa mwisho, polepole, na namba tatu inazimwa.

Kwenye korido, Mama Seva anaegemea ukuta.

"Angeweza kusema, 'Mama, umekosea.' Mbele ya fundi, mbele yako wewe wa gazeti. Ningekuwa mimi, sijui kama ningejizuia. Yeye ameuliza kama mtu asiyejua." Anashusha pumzi. "Vidole vyake nilikuwa nimeshaanza kuvivumilia. Sasa hata upole wake nauonea wivu."

Anatumaini macho yakipona atarudi kazini. Hospitali itaongeza mashine mbili, na anataka azijenge pamoja na Chapchap tangu mwanzo, wote wawili wakiwa wasimamizi. "Ila majina ya wapangaji nitatoa mimi. Hilo siachi."

Chapchap anatoka kusema kazi imekwisha, feni mpya inazunguka. Mama Seva anaitikia kwa kichwa, anamngoja arudi ndani, kisha anamshika mgeni mkono.

"Njoo nyumbani wiki ijayo. Nitakuwa nimekaa tu, macho yamefungwa, sina cha kutazama. Upite hapa kwanza uone anavyowatunza. Kama anawatunza vizuri kuliko mimi, njoo vilevile, mwanangu. Ila usianze na hilo. Tuongee mengine kwanza."