Maneno Niliyoyaandika kwa Mkono Wangu

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyonyamazishwa makaburini. Nakueleza kwa kuwa juzi uliniambia maandiko yaliandikwa na watu tu, kisha ukanitazama kama mtu aliyenivunjia chombo. Hukuvunja kitu. Kwamba yaliandikwa na watu nililijua nikiwa na miaka ishirini na miwili.

Wakati huo nilikuwa karani wa kikundi kidogo pale Buzebazeba, tukitafsiri maandiko kwa Kiha. Tulikuwa watu wanne, mkubwa wetu Mzee Elia, katekista. Sentensi moja ya maombolezo ilituchukua siku tatu. Mwenzetu mmoja alitaka neno la kufariji wanalolitumia wahubiri. Mzee Elia akataka lile wanalolitumia akina mama wanapombembeleza mtoto mgonjwa. Walibishana, wakanuniana, wakaenda kula, wakarudi. Mwishowe walinigeukia mimi. Nikachagua la akina mama, nikitaka tu kurudi nyumbani. Basi nikaanza kuyadharau maandiko moyoni. Kumbe mambo yenyewe ndiyo haya, nikawaza.

Miezi michache baadaye kijana mmoja wa Kagunga alizama ziwani akivua dagaa. Mama yake, Mama Tabu, alikuwa shangazi wa rafiki yangu, kwa hiyo tukapanda boti kwenda kuzika, Mzee Elia akiwa nasi. Pale kaburini aliisoma ile sentensi yetu kutoka kwenye karatasi yenye mwandiko wangu. Mama Tabu, ambaye tangu tufike hakuwa ametoa sauti, akasema, "Rudia hapo." Mzee akarudia. Ndipo mama akalia, na wanawake waliomshika wakamwacha alie.

Baada ya maziko aliniuliza maneno yale yametoka wapi. Nami, kwa ujinga wa ujana, nikajibu, "Niliyaandika mimi, mama. Tulikaa mezani tukachagua. Ni maneno ya watu tu."

Alinitazama bila hasira. "Umewahi kuzika mtoto?"

"Hapana, mama."

"Basi wewe uliandika tu. Aliyeyasema mara ya kwanza alikuwa amezika. Huyo namjua."

Kwenye boti ya kurudi Mzee Elia hakunikemea, ingawa alisikia yote. Aliniambia tu kwamba kazi ya kesho inaanza saa mbili. Nilifika saa moja na nusu.

Kwa hiyo, mwanangu, usiogope kusema kwamba mikono ya watu ilipita pale. Ilipita, na mmojawapo ulikuwa wangu, uliokosea hata herufi. Wajomba zako wa Ujiji, ambao ni Waislamu, wanakieleza kitabu chao kwa namna nyingine. Wasikilize kwa adabu, usiwabishie kwa yale uliyoyasoma kwenye simu. Ila ukishajua kwamba neno limeandikwa na mtu, usiishie hapo kama mimi. Uliza mtu huyo alipatwa na nini hata akasema vile, kisha umtazame jirani yako aliyepatwa na hayo hayo leo. Na ukimkuta mfiwa amelishika neno, usimpokonye ili kuonyesha kwamba umesoma.

Mungu akuzidishie akili ya kuuliza, akupe na ulimi unaojua kungoja.