Mdomo wa Glasi

Nakumbuka siku moja kule mtaani Kisugu, mwanangu, Mama Furaha alikunywa maji kwenye glasi niliyoitengeneza mimi. Akaiweka chini, akajifuta mdomo kwa kidole, na kidole kikatoka na damu.

Mama Furaha alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, na ndiye aliyenifundisha kazi inayonilisha mpaka leo. Shule niliacha darasa la tatu, sifichi. Chupa za bia zilizotupwa nyuma ya baa ndizo zilizonijengea nyumba. Alinionyesha kufunga uzi wenye mafuta ya taa kiunoni mwa chupa, kuuwasha, kisha kuitumbukiza chupa kwenye maji baridi ikatike. Baada ya hapo ni msasa, unasugua ukingo mpaka mkono ufe ganzi. Na kila glasi yeye aliipitisha kwenye mdomo wake mwenyewe kabla haijauzwa.

Mimi niliona ni mambo ya uzee tu. Nilijua kuchora, watu walisifu maua yangu kwenye glasi. Basi alipougua nikakata glasi saba, nikazigusa kidogo na msasa, muda wote nikaumalizia kwenye maua. Sita ziliisha kabla ya mchana. Ya saba nikampelekea, nikingoja sifa.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Fundi wa maua, zingine uliuzisha nani?"

Nikamwambia tano ni majirani, na moja ni mama mpita njia, ana mtoto mgongoni.

"Huyo mutoto ndiye atakunywa wa kwanza. Enda."

Nilizunguka milango ya watu nikiomba glasi zangu. Mmoja alinicheka, akasema hajawahi kuona mwizi anayepiga hodi. Tano nikazipata. Ya sita niliitafuta sokoni Owino, nikasimama hata kwenye lango la hospitali ya Nsambya, natazama midomo ya watoto. Sikuipata.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima. Mimi nimechoka, magoti hayataki tena vilima hivi, lakini nikiingia nyumba ya mtu bado natazama kabati la vyombo kwanza.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Maua yatangoja. Anza na pale panapogusa mdomo wa mtu, na upajaribu kwa mdomo wako. Mungu akupe mikono yenye subira, na kila atakayekunywa kwenye kazi yako anywe salama, na wewe ulale.