Mama Alifika ku Kilio Yake na Pikipiki

Siku ya kilio ya mama yangu, mama mwenyewe aliingia mu lupango ya nyumba na pikipiki yake.

Musicheke. Nilimuona na macho yangu. Casque nyeupe ku kichwa, miwani ya duara, pantalon ya kaki, na kile kikohozi chake cha kunyamazisha kalasi.

Bamama balitupa masufuria, bakakimbilia nyuma ya nyumba. Miye nilibaki palepale. Nilikuwa na kasirani mingi, hofu ilikosa nafasi ya kuikala.

Mungoje nianzie mbali kidogo.

Mama yetu aliitwa Régine. Wakati ile ya parti moja, majina ya kizungu ilikatazwa, ku bureau bantu bote balibadilisha. Lakini mu mtaa yetu, commune yenye inaitwa Kenya sawa ile inchi, alibaki Mama Régine. Alifundisha batoto ya bafanyakazi ya shaba mpaka nywele yake ikakuwa nyeupe. Baba alikufa mapema, akatulea peke yake: kaka yangu Léonard, na miye Laurentine.

Alipopata retraite, kazi ikakwisha, bamwalimu benzake balinunua masini ya kushona. Yeye alinunua pikipiki.

Pikipiki, mama wee! Mwanamuke mwenye bajukulu! Na parti inakataza banamuke kuvaa pantalon, inataka kikwembe tu. Yeye anavaa pantalon, anafunga kikwembe juu yake. Akishaacha mji, kikwembe inaingia mu sakoshi ya pikipiki. Kwisha. Ile pikipiki njo ilimufikisha Kasungami, mbali na mji, kufundisha bamama kuandika.

Alienda nayo mpaka Kasenga kuangalia mto Luapula, sababu miaka yote alikuwa anauchora tu ku tableau ya kalasi. Alirudia na samaki ya moshi, kiwiko imechubuka, anacheka peke yake. Ku barrière moja ya njia soldat alimuomba ruhusa ya safari.

"Donat," mama akamuambia, "saba mara nane inafanya ngapi?"

Soldat akafungua barrière mbio. Alikuwa mwanafunzi wake. Table ya saba ilimushinda tangu mutoto.

Ule njo mama yangu.

Sasa musikilize kaka yangu.

Léonard alikuwa chef ku kazi, suti ya abacost imenyooka, alama ya parti ku kifua. Mama alikuwa anaishi kwake. Ku kilio akasimama mbele ya bantu bote na sauti ya radio.

"Citoyens, citoyennes. Mama yetu alizeeka na utulivu. Hakupenda kutembea-tembea. Kwangu hakukosa kitu. Presha njo ilimubeba, ghafula, mu kitanda yake."

Hakupenda kutembea!

Nilisimama. Nilikuwa nimeshuka ku treni ya Kamina asubuhi ile, mama nilimukuta mu sanduku.

"Léonard, unasema mama ya nani?"

"Laurentine, ikala. Usituhaibishe."

"Pikipiki yake iko wapi?"

"Aliiuzisha."

Mama, auzishe pikipiki? Afadhali angeuzisha meno yake!

Baba-mukubwa Stanislas akanivuta na kikwembe. "Mwanangu, heshimu kilio."

Nikaikala. Yaani batamuzika mwanamuke mwingine, mwanamuke wa kiti, ule hakuishi hata siku moja. Bantu batarudi kwao na uwongo ile, na kesho njo itakuwa kweli. Njo nilianza kulia, na nilikuwa ninalia na hasira, muniamini.

Pale pikipiki ikaingia.

Kisha muntu moja akapiga kicheko. "Aa! Kumbe ni Nkandu!"

Nkandu alikuwa anauzisha mboga ku soko, rafiki ya mama. Ukoo yake na ukoo yetu tuko batani. Na kwetu, mutani ana haki yake ku kilio: anavaa nguo ya marehemu, anamuiga, anachekesha bantu, anasema kila kitu. Weye mufiwa, kazi yako ni kucheka na kumupa pombe. Ukimukasirikia mutani, umejihukumu mwenyewe mbele ya bote. Hata mutoto anajua ile.

Nkandu akazunguka lupango, vumbi inapanda. Akakohoa.

"Silence! Donat, table ya saba!"

Bantu balicheka mpaka machozi. Hata miye nilicheka. Mama yangu alikuwa pale, muzima muzima.

Akazima pikipiki, akashuka, akaenda kusimama mbele ya kaka yangu.

"Léonard, mwanangu, fungulo."

Bantu banacheka.

"Bamama ya Kasungami bananingojea, papa. Leo bataandika majina yao bo benyewe. Nipe fungulo."

Kicheko ikaanza kupunguka.

"Eeh? Bakubwa ya parti balikuambia ninakuhaibisha? Haya. Nitaenda na miguu. Mvua? Mvua haijaua mwalimu."

Akageuka. Akavuka lupango polepole, anavuta viatu sawa muntu mwenye matope mpaka magoti, anatetemeka. Akakohoa tena, na hii haikukuwa kikohozi ya kalasi. Ilitoka chini kabisa ya kifua.

Hakuna muntu alicheka.

Nilielewa yote. Kasungami, kuenda na kurudia, na miguu, mu mvua ya masika, na umri ile. Presha gani? Presha ya wapi?

Na bado Léonard angeweza kujiokoa. Angecheka kidogo, angetuma chupa moja ya pombe, na Nkandu angehamia kwa mwingine. Desturi inataka ile tu.

Akamupiga kofi.

Casque ikaanguka, ikabingirika mpaka ku miguu yangu.

Baba-mukubwa Stanislas akasimama polepole. "Léonard. Kumbe ni kweli."

"Ni uwongo!" kaka akalalamika. "Nani alimuambia hii mambo? Nani alimupa fungulo?"

"Miye."

Mado. Bibi yake wa ndoa. Alitoka ku jikoni, mikono imejaa unga ya bukari.

"Miye nilimupatia, na nilimuelezea yote. Uliificha pikipiki mu magasin ya nyumba tangu Noëli, nyuma ya mifuko. Mama aliniomba ile fungulo akipiga magoti, Léonard. Mama yako! Nilikuogopa, nikamukatalia. Leo sikuogopi tena."

Bazee habakujadiliana. Mwenye kupiga mutani hasemi tena ku kilio. Baba-mukubwa akanigeukia. "Laurentine, sema weye."

Nilisema pantalon. Nilisema Kasenga, Donat, na mvua. Sauti ilipasuka, sikujali.

Kisha nilivaa casque, Nkandu akapanda nyuma yangu, shavu imevimba, na pikipiki ikatangulia sanduku mpaka ku makaburi. Léonard alifuata nyuma kabisa, na miguu. Bamama ya Kasungami balikuwa tayari kule. Na bo balikuya na miguu.

Alishakuniomba samahani, kaka yangu. Nilimujibu: muombe mama.

Miaka mingi imepita na kasirani yangu haijazeeka. Weye mwenye kusoma hii, kama umefungia mama yako kitu sababu ya macho ya bantu, acha simu chini, simama, enda ukafungue. Sasa hivi, angali anakuomba yeye mwenyewe.